Kikombe Alichokunywa Latifa

Siku hizi mtu akimtaja Mwanvua binti Amissi pale Rumonge hasemi tena yule mama wa mawese, yule wa mapipa matatu nyuma ya soko. Anasema mama wa yule kijana aliyemchoma mwenzake kisu. Miaka zaidi ya ishirini amekaa mbele ya moto akichemsha chikichi, mikono imeshika rangi ya machungwa isiyotoka kwa sabuni yoyote, amelea, amezika mume, amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma na bati juu. Yote hayo yamefutwa na jambo la dakika moja ambalo hata hakuwepo. Watu bwana.

Jambo lenyewe ukilisikia utashika kichwa. Jezi. Mfanyabiashara mmoja aliwapa vijana wa timu ya mtaa jezi mpya, na namba kumi ilikuwa moja tu, maana namba kumi huwa moja. Nasiri, kitinda mimba wa Mwanvua, alikuwa ameivaa kumi tangu timu ilipoanza. Jumapili ile Tahiri, mwana wa Latifa, akawahi kufika akaitia mwilini. Wakacheza pale mchangani kando ya ziwa, mchezo ukaisha, maneno yakaanza. Tahiri alikuwa na mdomo wa utani. Akasema kumi haivaliwi na mtu anayeshinda akimchambulia mama yake chikichi, na wenzao wakacheka. Kisu kilikuwa kiunoni mwa Nasiri, kile kisu chembamba cha kutolea chikichi kwenye mikungu, ambacho kila kijana wa uwanja wa mawese hutembea nacho na hakuna anayeshtuka akikiona. Akakitoa, akamtia nacho tumboni mara moja, akakimbia.

Alimchoma rafiki yake, si mtu wa kupita. Watoto wale walizaliwa masika moja, nyumba kwa nyumba. Walitiwa jando siku moja wakalala mkeka mmoja, huyu akilia na yule analia, na mama zao wakipokezana kuwapepea. Na hao mama ndio usiseme. Walipokimbilia Tanzania wakati wa vita walikuwa wasichana, wakasimama foleni moja ya unga kambini, wakarudi Burundi kwenye lori moja kila mmoja na fungu lake la nguo. Latifa alipofiwa na mtoto wake wa kwanza, Mwanvua ndiye aliyelala naye chumbani siku saba. Waziri, mume wa Mwanvua, alipokufa kwa ugonjwa wa ini, Latifa alifunga kibanda chake cha vitenge mpaka eda ikaisha, akawa anakuja kumpikia. Tahiri akabaki ndiye mwana pekee wa Latifa.

Mwanvua aliletewa habari uwanjani, anaengua mafuta. Aliweka upawa chini, akauliza kama Tahiri yuko hai, akaambiwa amepelekwa hospitali na damu inamtoka. Akauliza Nasiri yuko wapi, hakuna aliyejua. Akajikuta anatazama pale ukutani visu vinapotundikwa. Vilikuwa vitano, sasa vimebaki vinne, na yeye ndiye aliyevinunua vyote kwa mhunzi mmoja wa Bugarama, akachagua vyenye makali. Akakaa juu ya rundo la mikungu, na mafuta yakaungua.

Jumatatu simu ikalia. Alikuwa kaka yake, Uledi, mvuvi wa Nyanza-Lac. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mutoto iko kwake, amefika kwa miguu na malori, hali wala hasemi. Akasema pia asiwe na wasiwasi, maana Alhamisi mchana mtumbwi wake wa mota unavuka kwenda Kongo, na ng'ambo kule kuna watu wa marehemu Waziri, watampokea, watampa kazi, na Rumonge itasahau. Mwanvua akamwambia asante kaka. Usiku ule alimshukuru Mungu kwa ajili ya ule mtumbwi, na hapo hapo akaona haya, kwa sababu upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya, Latifa akiwa hospitalini.

Jumanne Tahiri akafumbua macho. Walikuwa wamemfungua tumbo wakamshona, na asubuhi akaomba maji ya kunywa, akamuuliza mama yake timu imeshinda au imefungwa. Habari hiyo ilipita mtaani mbio. Watu wakapumua. Waliokuwa wamenuniana na Mwanvua tangu Jumapili wakaanza tena kumsalimia, amahoro mama, na mmoja akamwambia shida imekwisha, sasa ni kuongea tu.

Kuongea ndiyo kazi tunayoiweza huku. Warundi wa milimani wana wazee wao wa kusuluhisha, bashingantahe, na watu wakipatanishwa hunywa pombe kwenye chungu kimoja. Aliyekunywa na wewe ameliweka chini lililokuwa moyoni, hawezi kuliokota tena. Sisi Waswahili wa mjini hatunywi pombe, basi tumeshika desturi ile ile kwa chai. Ukikosana na mtu unampelekea chai na sukari mbele ya wazee. Akikataa kikombe, kuna vita. Akinywa, yamekwisha. Mashamba yamegawanywa kwa chai, ndoa zimerudi kwa chai, hata gari lililogonga mtoto pale barabarani, wenyewe walimalizana kwa chai. Mwanvua alikuwa ameyaona haya tangu akiwa mdogo, na hakuwahi kuona mtu akinywa halafu akageuka.

Kwa hiyo Jumatano akamwendea Hadji, mzee mwenye duka la nguo ambaye ndiye aliyezoea kusimamia mambo kama haya, akamwomba amsindikize. Wakaenda na wazee wengine wawili. Yeye alibeba kilo tano za sukari, mchele, na chupa ya chai aliyoipika mwenyewe kwa tangawizi nyingi, vile Latifa anavyoipenda. Walimkuta Latifa kwenye ua wa hospitali, mahali ndugu za wagonjwa wanapopikia, amekaa kwenye kopo la rangi lililopinduliwa. Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu.

Hadji aliongea sana. Alizungumza habari ya ujirani, ya utoto, ya shetani anavyowapitia vijana. Mwanvua hakusikia hata nusu. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamimina chai kikombeni, akakishika kwa mikono miwili, akakinyoosha. Chai ikamwagikia vidole na hakuona maumivu. Latifa alikitazama kile kikombe muda mrefu, mpaka mzee mmoja akaanza kukohoa. Mwishowe akakipokea. Akanywa hadi nusu, akakirudisha, na Mwanvua akaimaliza iliyobaki kama desturi inavyotaka. Wakasoma Fatiha.

"Mlete mwenyewe," Latifa akasema. "Asiletwe na polisi amefungwa kamba. Mlete kwa mkono wako, nami nitasema mbele ya hakimu kwamba sina neno naye."

Mwanvua alimkumbatia miguu, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Njiani Hadji akamweleza kwamba mwenye kidonda akiwa hai, na mama yake akisamehe hadharani, na mkosaji akijileta mwenyewe, serikali nayo huwa na huruma. Pengine mwaka, pengine miezi. Akasema hivyo kwa nia njema kabisa. Hakuna mtu katika hadithi hii aliyesema uongo, na hilo ndilo linalomtafuna Mwanvua mpaka leo, kwamba hana hata wa kumlaani.

Alhamisi asubuhi akapanda gari la kwenda Nyanza-Lac. Alifika saa nne, akateremka moja kwa moja mpaka ufukweni, akamkuta Uledi anafunga mota nyuma ya mtumbwi, na Nasiri amekaa juu ya nyavu kavu, amevaa koti la mjomba wake lililomzidi mikono. Miaka kumi na tisa, lakini siku ile ungempa kumi na mitatu. Alipomwona mama yake aliinuka, kisha akakaa tena.

Uledi aliposikia amekuja kumchukua alitupa spana chini. Akamvuta dada yake kando, akamwambia ana wazimu. Akamuuliza tangu lini chai ikamfungulia mtu gereza. Mwanvua akamjibu kwamba yeye Uledi ameishi sana na samaki, hajui tena watu wanavyoishi. Kwamba mtoto akivuka leo hatarudi tena maishani, atakuwa mkimbizi kama walivyokuwa wao, na Latifa atajua kwamba alidanganywa wakati chai bado iko kooni. Waliteta hivyo, kaka na dada, wavuvi wengine wakijifanya hawasikii. Mwisho Uledi akasema mtoto ni wako, dada, akarudi kwenye mota yake.

Nasiri alimsikiliza mama yake mpaka mwisho. Swali lake lilikuwa moja.

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika. Latifa amekunywa. Nimemwona kwa macho yangu."

Kijana akavua koti la mjomba, akalikunja, akaliweka juu ya nyavu. Akamfuata mama yake mpaka barabarani. Kwenye gari alilala, kichwa begani kwake, usingizi mzito wa mtu ambaye hajalala siku nne, na Mwanvua akakaa bila kujitikisa mpaka Rumonge asije akamwamsha. Mbele ya kituo cha polisi alimnunulia chapati mbili na soda, akamngoja amalize, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake, akamshika mkono, akaingia naye ndani. Polisi walishangaa. Mmoja aliandika kwenye karatasi kwamba mtuhumiwa ameletwa na mama yake mzazi, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Akaitia. Kisha wakampeleka mtoto kasho, ndani kule kwenye chumba cha mahabusu.

Jioni ile Mwanvua alikula vizuri. Usimcheke.

Ijumaa, watu wakitoka kuswali, tumbo la Tahiri likavimba. Kidonda kilikuwa kimekwenda ndani zaidi ya macho ya watu, sumu ikaingia kwenye damu, na kabla ya alasiri akakata roho. Mwanvua alisikia kilio kinatoka upande wa hospitali kinakuja na barabara, kinapokewa nyumba hadi nyumba, kikafika nyumba ya pili, kikaingia uani kwa Latifa. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Alielewa yote mawili kwa pamoja, kwamba Tahiri amekufa, na kwamba mtumbwi wa Uledi umekwisha kuvuka jana, mtupu.

Alikwenda msibani. Angefanyaje? Jirani hakosi. Alijitanda kitenge cheusi akaingia kwenye chumba cha wanawake, na hakuna aliyemfukuza. Walijisogeza tu, huyu huku na yule kule, mpaka akajikuta amekaa peke yake katikati ya mkeka mzima. Latifa alimwona, akageuza uso ukutani, akabaki hivyo. Mwanvua alikaa akahesabu pumzi zake, akainuka, akatoka. Wanaume walikuwa wakitoka na jeneza, naye akajibanza ukutani wapite.

Kesi haikuchukua muda. Sasa ilikuwa kesi ya mauaji, na mwenye kusema sina neno naye hakuja mahakamani. Hadji alijitokeza akaeleza habari ya usuluhishi. Hakimu akamsikiliza kwa adabu, akamuuliza kama marehemu mwenyewe alikuwa hai siku hiyo, Hadji akasema ndiyo, hakimu akaandika. Ile karatasi ya kituo cha polisi ilisomwa kwa sauti: ameletwa na mama yake mzazi. Watu wote wakamgeukia. Nasiri alipewa miaka ishirini. Hakulia. Alipopitishwa mbele ya benchi la mama yake alitazama sakafu.

Wapo wanaosema Mwanvua alifanya haki. Wanamwambia hivyo sokoni, wakimshika bega, kwamba amefanya walichoshindwa wengi, kwamba Mungu ameona. Yeye huitikia murakoze, asanteni, akapima mafuta. Moyoni anawachukia. Kuna siku anasema laiti ningechelewa lile gari, laiti lingepata pancha, angekuwa Kongo sasa hivi anabeba magunia, ana jua, ana mke labda. Halafu anamkumbuka Tahiri akiomba maji, anaona aibu ya kumtakia mwanawe jua wakati mwana wa mwenzake hana, anajipiga kifuani kwa ngumi. Ameshamwambia Sharifa, binti yake wa Bujumbura, kwamba hajui tena aombe nini akiswali. Sharifa alilia kwenye simu, akasema mama omba tu. Basi anakaa juu ya mswala mikono imefunguliwa, haombi kitu, mpaka miguu inakufa ganzi.

Uwanjani kwake hakuna kisu tena. Vijana wanatoa chikichi kwa fimbo na kwa vidole, wanalalamika kwamba kazi haiendi, na wawili wamehamia kwa mwenye pipa mwingine.

Kinachomsimamisha ni kugemura. Ndivyo tunavyosema huku, kumpelekea chakula mtu aliyelazwa au aliyefungwa, kwa sababu usipompelekea wewe, atakula kidogo sana. Kila Jumanne na kila Ijumaa anapika wali na maharagwe ya mawese, na akijaliwa anatia na ndagala za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, anafunga bakuli kwa kitambaa, anatembea mpaka gerezani. Miezi ya kwanza Nasiri alikuwa akitoka. Walikaa kwenye benchi, mama akiongea habari za mtaani, mtoto akila akitazama bakuli. Hakuwahi kumlaumu. Mara ya sita au ya saba, akiwa amekwisha kula, akasema neno moja kana kwamba anazungumzia hali ya hewa.

"Mjomba alikuwa ameshatia mafuta kwenye mota."

Mwanvua akaita jina lake, lakini alikuwa ameinuka. Ijumaa iliyofuata hakutoka. Wala Jumanne. Speciosa, askari wa kike anayepokea vyombo pale langoni, alimwambia anaumwa kichwa. Baadaye akamwambia amelala. Kisha Speciosa akachoka kutunga sababu, na yeye ana watoto, akamwambia ukweli kwa upole: kijana anaitwa, anasikia, anageukia upande wa pili, chakula kinapokelewa na wenzake wa chumbani, wao ndio wanakila, na bakuli wanaliosha vizuri kwa heshima ya mama. Mwanvua akasema hakuna neno, wale pia ni watoto wa watu. Akaenda nyuma ya ukuta wa gereza, akakaa chini.

Lakini Jumanne iliyofuata akapika tena. Angeacha vipi? Siku asipopika, siku hiyo ndiyo atakuwa hana mtoto.

Mwaka ukakatika hivyo, yeye na Latifa wakikwepana. Nyumba zinashikana ukuta, lakini mmoja akisikia mlango wa mwenzake unalia, anangoja ndani. Bomba la maji wanalifuata kwa saa tofauti. Mtaa mzima umejipanga kuwasaidia wasikutane, hata wanawake wa harusi wanaalika huyu leo na yule kesho.

Mpaka Ijumaa moja, saa tano ya asubuhi, kwenye kile kichochoro chembamba cha nyuma ya msikiti ambamo watu wawili hawapishani bila mmoja kujibana. Mwanvua alikuwa na kapu lake. Latifa anatoka upande wa pili, mikono mitupu, kitenge kimefifia, nywele zimekuwa nyeupe zote. Hakuna aliyeweza kurudi nyuma tena. Wakasimama.

Latifa alilitazama kapu. Kitambaa kilikuwa kimefungwa juu ya bakuli, na harufu ya ndagala ilikuwa inatoka. Alipofungua kinywa sauti haikuwa na hasira hata kidogo, na ingekuwa nafuu kama ingekuwa nayo.

"Wewe bado una mtu wa kupelekea chakula," akasema.

Yote yakamjia Mwanvua. Kwamba hajamwona tangu Ramadhani. Kwamba chakula hiki wanakula watu asiowajua. Kwamba mwanawe anasikia jina lake likiitwa na anageukia ukutani, na kwamba hata yeye, Mwanvua, hana mtu. Katika dunia nzima kulikuwa na mwanamke mmoja tu ambaye tangu usichana alimwambia mambo ya namna hii, naye akamshika kichwa na kumlaza mapajani, na mwanamke huyo alikuwa amesimama hapa, hatua moja mbele yake. Lakini unamwambiaje mama aliyemzika mwanawe kwamba mwanao wewe, aliyemuua, hataki kukuona?

"Ndiyo," akasema. "Ninaye."

Latifa akatikisa kichwa kukubali. Akajibana ukutani, akampisha. Mwanvua akapita akilikumbatia kapu lisimguse, akatoka barabarani, akashika njia ya gerezani, maana wali ulikuwa unapoa.